Honi ya Treni kwenye Pikapu ya Mayai

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Honi ya treni, tarumbeta tatu, kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Kila asubuhi Kishindo, dereva wa lori la maziwa, hunipigia honi langoni mwa duka kubwa ili nimpishe. Nami humpisha. Sasa basi! Naifunga kwenye pikapu ya dada, ninayosambazia mayai yake. Dada sijamwambia. Atafurahi mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiunga na pampu ya matairi, ile ya umeme wa gari. Nikabonyeza. Pfiii. Bata mwenye mafua! Shemeji, mume wa dada, fundi wa breki, alicheka hadi akakaa chini. Anasema lori la Kishindo lina mtungi wa upepo wa breki, ndiyo maana linanguruma. Yangu inataka upepo wa paundi mia na ishirini, tena zote kwa mpigo. Kwa nini zote? Nimekosa hata usingizi wa mchana.

Jumatano, 5 Machi
Nimeifungua. Ajabu! Kooni mwa kila tarumbeta kuna kisahani chembamba cha chuma. Upepo mdogo hujipenyeza pembeni, chenyewe kimetulia tuli. Upepo mwingi hukitikisa, nacho ndicho hupiga kelele. Shemeji kanipa mtungi wa lori bovu, kaniapisha nisizidishe mia na ishirini. Mpira mwembamba wa kupitishia upepo nimeutupa, unaunyonga njiani; nimefunga mnene. Kuujaza mtungi: dakika kumi na moja. Nilikodolea geji ya upepo macho muda wote. Raha tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Langoni. Kishindo mbele, anashusha maziwa taratibu. Geji mia na ishirini. Nikabonyeza. Mama yangu! Mlinzi alilala kifudifudi. Kishindo aliangusha kreti. Nikacheka sekunde mbili nzima. Kumbe dada, niliyekuja naye leo, alikuwa ameshuka, yuko nyuma ya pikapu anapanga trei, tena tarumbeta nilizielekeza huko huko! Mayai yalimtiririka usoni. Meneja wa duka akatoka, akasema akiisikia tena honi hiyo, mayai atanunua kwingine. Dada aliongea polepole, nikaogopa zaidi: "Nani kakuruhusu kugusa gari langu?"

Ijumaa, 7 Machi
Pikapu anaendesha shemeji. Mimi nimepewa baiskeli na trei mbili za majirani. Dada anasema ni nafasi ya kutafakari. Nimetafakari. Kosa lilikuwa kuzielekeza nyuma. Halafu, tarumbeta moja hula theluthi tu ya upepo. Mtungi mdogo utaenea kwenye keria ya baiskeli. Na pampu? Pedali si zipo?