Sufuria ya Supu na Jina Moja la Norwe

Jumatatu, 4 Novemba

Na jambo la pili, ambalo jana nilishindwa kuliandika kwa hasira: masweta! Mke wa Pyo, wa ghorofa ya juu, ameshanunua masweta mawili ya baridi ya Norwe. Leo kwenye lifti aliniuliza kama rangi ya bluu itampendeza kwenye theluji. Nilitabasamu. Mashavu yananiuma mpaka sasa.

Chama cha Sayansi ya Mwani hupendekeza jina moja tu kila mwaka. Moja! Mwenye jina hilo anapelekwa chuo kikuu cha Norwe, miaka miwili ya utafiti. Waliobaki ni wawili: Dokta Pyo, na Gi-beom wangu. Mume wangu wa wiki tisa! Akirudi kutoka maabara ananukia mwani mbichi, nami namnusa shingoni kama ua. Mimi na yeye, theluji, dirisha dogo, blanketi moja. Nani atupokonye? Pyo? Mtu anayekata kucha mezani?

Jumanne, 5 Novemba

Usaili ni Alhamisi, hapa hapa mjini Mokpo, kwenye ukumbi wa Chama. Alhamisi hiyohiyo ni siku ya kuzaliwa ya Gi-beom. Nimepata wazo! Zuri mpaka nimejipigia makofi jikoni.

Siku ya kuzaliwa, lazima supu ya mwani. Siku ya mtihani, mwiko: mwani huteleza, ukiinywa nawe unateleza, unafeli. Hata mtoto wa chekechea anajua. Basi nitapika sufuria nzima, Gi-beom asionje hata tone, na Pyo ndiye anywe! Nani atakataa supu ya bi harusi?

Gi-beom alicheka. Alisema amekunywa supu hiyo kabla ya kila mtihani tangu utotoni, mbona ana udaktari? Nikalia. Akaapa hataigusa. Nampenda mno.

Alhamisi, 7 Novemba

Saa moja asubuhi nilipanda ngazi na sufuria. Mke wa Pyo aliitazama, kisha akanitazama mimi. Supu ya mwani, leo? Nikamwambia dada, ni baraka ya siku ya kuzaliwa, ukiikataa nitalia hapa hapa ngazini. Akaipokea kwa mikono miwili. Haya mdogo wangu, usijali, haitamwagwa.

Haitamwagwa! Nimeshuka nikiimba.

Ijumaa, 8 Novemba

Haikumwagwa. Ilikwenda ukumbini!

Pyo aliibeba mwenyewe. Kamati ni wazee sita walioishi na mwani maisha yao yote. Usaili ulichelewa, njaa ikawabana. Pyo akafunua sufuria, akatangaza kuwa ni supu ya siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Wakanywa wote. Mwenyekiti, Profesa Oh, akaongeza bakuli la pili. Kisha akamsogezea Gi-beom la kwake: haya kijana, siku yako hii, kunywa.

Gi-beom akasema asante, hapana. Anaumwa? Haumwi. Hapendi mwani? Anaupenda sana. Sasa nini? Na mume wangu, asiyejua kusema uongo hata wa adabu, akajibu kuwa mkewe amemkataza, eti atateleza.

Walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Mzee mmoja akasema nimeusoma mwani miaka arobaini, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona daktari wake anauogopa. Vipi Norwe, utauvulia viatu usiteleze?

Wamempendekeza Pyo! Gi-beom ni wa akiba.

Jioni sufuria ilirudi. Imesuguliwa inang'aa, na kikaratasi cha shukrani ndani. Nimevunja sahani mbili. Za kwetu wenyewe, basi.

Jumatano, 13 Novemba

Mke wa Pyo analia kwenye lifti! Barua ya Chama imefika: mwanasayansi anakwenda peke yake. Mke habebwi. Miaka yote miwili!

Nilimkimbilia Gi-beom na habari. Akainamisha kichwa. Alijua sharti hilo tangu mwanzo. Mkuu wa maabara alipeleka jina lake kabla ya harusi yetu, naye Gi-beom akaona haya kuliondoa, akakosa pia ujasiri wa kuniambia. Akanikumbatia, akasema asante kwa supu, mpenzi, umenibakiza nyumbani.

Ningeweza kufurahi. Kwa dakika moja nilifurahi, hata nilimbusu. Kisha hasira ikapanda upya. Nani alitunga sharti hilo? Wazee sita waliooa zamani wakasahau! Watenganishe watu wa wiki kumi, halafu wajiite wanasayansi!

Basi nimeamua. Sharti libadilishwe, Pyo abaki, Gi-beom aende, na mimi ubavuni mwake. Nimeulizia. Profesa Oh ana mama wa miaka tisini na mmoja kisiwani Wando, na mama yake akisema neno, hapingi. Bibi huyo anaishi peke yake na hupenda wageni. Gi-beom asijue. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kumsalimia.