Siku Tano za Kumgombea Mama

Alhamisi, 16 Januari

Kesho safari! Nimepanga kila kitu isipokuwa nguo.

Jambo lenyewe ni hili. Mvua za vuli zimeangusha ukuta wa jiko la Mama kule Bungu. Tangu Baba afariki anaishi peke yake, na sasa tumekubaliana wote kwamba basi, imetosha. Kwa muda amefikia kwa shangazi hapa Lushoto. Swali: ahamie kwangu au kwa mdogo wangu Hamza? Hamza anasema kwake, maana yeye ni kitinda mimba na kitinda mimba ndiye hubaki na mama. Mimi nasema kwangu, maana mimi ni kifungua mimba na nimeshasema.

Mama alipoulizwa alijibu kwamba ana miaka sabini na sita na hajawahi kuiona bahari. Apelekwe kwanza. Akishaiona, atatamka.

Kwa hiyo tunakwenda Pangani kwa dada yetu Hidaya, kwa gari la Hamza. Nina siku chache za kumwonyesha Mama mtoto wa maana ni yupi.

Kusema kweli namtaka. Si kwa ajili ya sifa tu. (Kwa ajili ya sifa pia. Mama akikaa kwa mdogo, watu msikitini watanionaje?) Nina miaka hamsini na tatu, lakini nikisikia sauti ya Mama jikoni, hata akiwa ananigombeza, moyo wangu unatulia.

Mwanaheri, mke wangu, kanikuta naandika. Kauliza napanga nini tena. Nimemwambia ni mambo ya shamba langu la karoti. Kaguna, kaenda zake.

Ijumaa, 17 Januari

Hamza kafika alfajiri na Noah yake. Shikamoo kanipa kupitia dirishani, injini inanguruma! Shikamoo gani hiyo? Nimeitikia marahaba nusu. Mama kakaa mbele. Mimi na Mwanaheri nyuma, na kikapu cha mapeasi ya Hidaya katikati.

Mbinu ya kwanza: baridi. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata ng'ombe wa jirani. Nikamvika Mama sweta mbili, nikamzungushia blanketi, nikasema kwa sauti ili Hamza asikie kwamba mzazi ni wa kutunzwa. Mama kashukuru. Moja bila!

Mbinu ya pili: kona za Soni. Nikaanza kushika tumbo na kuugulia kila kona, ili Mama aone mtoto wake mdogo anavyoendesha ovyo. Nikaugulia vizuri mno. Kufika kwenye maporomoko, kichefuchefu kikaja cha kweli. Uji wote wa asubuhi nimeuacha Soni. Hamza akaninunulia ndimu, akaendesha taratibu kama amebeba trei za mayai, na Mama akamsifu kwa uendeshaji wake. Uonevu mtupu.

Kushuka Mombo, joto. Mama analowa jasho ndani ya blanketi langu. Hamza akasimama, akamvua sweta moja baada ya nyingine, akamletea maji baridi. Mama akamwombea dua ndefu. Mimi koti langu sikulivua. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba pwani kuna upepo mkali, na mwanamume habadilishi kauli kwa sababu ya jua. Muheza tumeswali Ijumaa, mimi na koti langu. Mzee wa pembeni akaniuliza kama nina malaria.

Mchana tumepanda msitu wa Amani, tulikopanga kulala. Hapo sikuwa na mbinu, niliangalia tu. Miti mikubwa, minyoofu, majani yamefunika barabara mpaka mchana unakuwa wa kijani. Mama akamwomba Hamza azime gari. Tukakaa tukisikiliza maji na ndege. Mama akasema Baba angependa kuusikia msitu huu. Sote tulitazama nje, kila mtu upande wake.

Tumefikia kwa Yudith, mwalimu mwenzake Mwanaheri tangu chuoni. Katupikia ndizi na maharage. Mwanamke muungwana sana.

Jumamosi, 18 Januari

Siku nzito. Naandikia Pangani.

Mbinu ya tatu ilinijia wakati wa wudhu. Mtu anayepoteza ufunguo wa gari, utamwachia mama? Thubutu! Ufunguo wa Hamza ulikuwa umetundikwa msumarini. Nikauchomoa, nikauzamisha chini kabisa ya kikapu cha mapeasi, chini ya majani ya mgomba tuliyotandika. Mpango: Hamza ahangaike kidogo, Mama aone uzembe, kisha mimi niupate. Shujaa!

Nikaenda kuswali. Kurudi, kikapu hakipo.

Mwanaheri kampa Yudith! Kasema mtu aliyetulaza na kutulisha hatuwezi kumwacha mikono mitupu, Hidaya atanunuliwa machungwa Muheza. Yudith ameshukuru mara nne na kukipeleka jikoni kwake.

Hamza akaanza kutafuta. Akageuza mifuko. Akaingia chini ya gari, akatoka na oili kwenye paji la uso. Mimi nimekaa kwenye ngazi, jasho linanitiririka, na Amani asubuhi ni baridi. Nikamfuata Yudith jikoni, nikaomba kukiona kikapu. Akauliza kulikoni. Nikasema nataka kuhakikisha mapeasi hayajabonyea. Akasema ni mazuri sana, ameshawagawia majirani watatu. Nikasema basi nikitazame kikapu chenyewe. Yudith akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliniona mtu anayejutia zawadi aliyotoa! Jamani, aibu! Nikatoka kinyumenyume.

Kilichoniokoa ni adabu ya watu wetu. Kikapu cha zawadi hakirudi kitupu, hata mtoto anajua. Yudith hakuyagusa yale majani ya mgomba. Alipanga iliki na mchaichai juu yake, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili, maana Mama ndiye mkubwa wetu. Yudith alipogeuka kuwafungulia kuku, Mama akapenyeza mkono mpaka chini, kama wanawake wa kwetu wanavyopima kilichomo. Akatulia. Akautoa ufunguo. Akamwambia Hamza huu hapa, huenda uliangukia humu wakati wa kupakua mizigo. Alisema hayo huku ananitazama mimi.

Jicho lile nalijua. Ni jicho la mzazi aliyesikitishwa na uzembe wa mwanawe mdogo, na anatafuta faraja kwa mkubwa. Mbinu imeingia!

Njia nzima mpaka Pangani, kila tuliposimama, Mama kauchukua ufunguo wa Hamza na kuufunga ndani ya kanga yake. Kasema ni kwa usalama tu.

Jumapili, 19 Januari

Leo Mama kaiona bahari. Nani kampeleka? Mimi!

Asubuhi Hidaya alisema tumsubiri mumewe arudi, atupeleke wote jioni, maana maji ya pale yana saa zake. Nikamsikia, nikamwacha. Maji yana saa? Mimi nimezaliwa milimani, maji nayafahamu. Yanashuka. Kwetu maji yakienda yamekwenda.

Baada ya wali, Hamza akapitiwa na usingizi kibarazani. Nikamwashiria Mama. Tukatoka wawili, yeye na mkeka, mimi na birika la chai.

Ukanda mzima wa mchanga, mkavu, umenyooka, bahari iko mbali kule inameta. Mama alisimama. Kisha akauliza maji yote hayo na ardhi yote hiyo tambarare, hawa watu hawalimi hata mchicha? Nikamwambia ni uvivu wa watu wa pwani. Tukaendelea kutembea kuyafuata maji. Tukavuka kijito kisichofika hata vifundo vya miguu, tukapata kilima kizuri cha mchanga, nikatandika mkeka. Tukanywa chai. Akanishika mkono, akanisimulia jinsi nilivyozaliwa siku ya mvua ya mawe, na jinsi Baba alivyokimbia kumtafuta mkunga akiwa kavaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Sijawahi kuwa na mchana mzuri kama ule. Hata mbinu nilisahau.

Kugeuka nyuma, kile kijito kimekuwa mto.

Nikamwambia Mama atulie, maji yatashuka sasa hivi. Hayakushuka. Yalipanda! Yakachukua mkeka, yakachukua birika, yakachukua kiatu changu cha kulia. Nikapiga kelele nikimwita Hamza, siwezi kuficha. Akaja anakimbia na shemeji yetu, mume wa Hidaya, maji kiunoni. Hamza akambeba Mama mgongoni. Mimi shemeji akanishika mkono kama mtoto wa chekechea anayevushwa barabara.

Na Mama? Anacheka! Yuko mgongoni kwa Hamza, miguu inaburuta majini, anacheka mpaka kilemba kinamdondoka. Akasema amekaa miaka sabini na sita akiingoja bahari, kumbe bahari nayo ilikuwa inamngoja yeye.

Hamza hakunigombeza. Alikaa mchangani, akafunika uso kwa viganja, mabega yanamtetemeka. Niliogopa. Nilijua nimempoteza Mama.

Jumatatu, 20 Januari

Mama ametamka.

Tulikuwa kwenye chai, sote. Kaanza na Hamza. Kasema nyumba yake ni nzuri, mke wake ni mwema, na yeye mwenyewe ana akili timamu, Mungu amzidishie. Nikaweka kikombe chini.

Kisha kasema kwamba kwa sababu hiyohiyo, Hamza hamhitaji. Anakwenda kukaa kwa Twaha. Ndiyo, kwangu mimi! Huyu, kasema, akiachwa peke yake na akili zake ataangamia, na ataangamia na watu wengine. Aliyemzaa ni yeye Mama, acha na wa kumlinda awe yeye.

Mwanaheri akainua mikono akasema Alhamdulillahi, miaka ishirini na minane ameubeba mzigo huu peke yake, sasa watapokezana. Hamza akacheka, halafu akanikumbatia, akasema kaka, mtunze. Hidaya alilia. Mimi pia nililia. Nimewaambia ni moshi wa jiko, ingawa Hidaya anapikia gesi.

Nimeshinda! Nimeyatafakari maneno ya Mama siku nzima na yako wazi. Kaona akili zangu, kaona ni kubwa kupita kiasi, zinahitaji mtu wa karibu wa kuzienzi. Hamza ana akili timamu tu, basi. Safari nzima sikukosea hata hatua moja.

Kesho tunarudi. Hamza kasema Mama akae mbele tena, aione vizuri njia. Mbele, ubavuni kwake! Baada ya uamuzi uliotolewa mbele ya mashahidi! Haiwezekani. Mama lazima akae nyuma, na mimi. Na mgonjwa wa kifua hawezi kuachwa akae nyuma bila mzazi wake, ndiyo au siyo?

Nimeshaanza kukohoa.