Bakuli Moja kwa Kila Mtu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mkwe. Na kilichoniaibisha ni ugali. Tulieni niwaeleze, maana hadi sasa sijui kama nione aibu au nishangae.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa hisabati, mtu wa Kilosa, serikali ikanileta Tarime kufundisha. Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa pili nikakutana na Marwa (mnaomjua mnaelewa kwa nini niliacha kulia). Marwa anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii huko Ikoma. Ameshanitambulisha kwa dada yake Ghati, kwa mashangazi, kwa kila mtu isipokuwa baba yake. Mzee hajasema ndiyo, hajasema hapana. Alisema tu kwamba atakuja kwenye mahafali ya kidato cha nne, kwa kuwa binti yake wa mwisho, mdogo wake Ghati, anamaliza shuleni kwetu, na kwamba siku hiyo ataniangalia.

"Ataniangalia nini?" nilimuuliza Marwa kwenye simu.

"Baba hana mambo mengi," akasema. "Anaangalia kama mtu akishika chakula, watu wanashiba. Basi."

Na mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa nani? Mimi! Nikaona Mungu ananipenda.

Sasa sikilizeni upumbavu ulivyoanza. Kamati ilikuwa inabishana juu ya ugali wa kupika kwa wageni mia mbili na arobaini. Huyu anataka mwingi, yule anaogopa usimwagwe. Nikasimama. Nikawaambia, wapendwa, hii ni mada ninayofundisha kila mwaka. Huna haja ya kumpima kila mtu. Unachukua wachache, unapima, unatafuta wastani wao, na wastani wa wale wachache unakukadiria wastani wa wote. Mbona mnaonja kijiko kimoja tu kujua chumvi ya sufuria nzima? Mwalimu Sanga wa fizikia, ambaye ndiye angekuwa mshereheshaji, akapiga makofi.

Basi jana mchana nikafanya utafiti wangu. Wapi? Ofisi ya walimu! Kwa nani? Kwa walimu sita waliokuwa wanakula! Nikachukua lile bakuli la kukatia ugali, nikahesabu kila mmoja anakula mangapi. Madamu wa Kiingereza, mtu wa Moshi, ambaye ana gauni la harusi linamsubiri: nusu. Mwalimu Sanga, mwenye vidonda vya tumbo: nusu. Wawili walikula moja moja. Wawili wengine, moja na nusu. Nikajumlisha, nikagawa kwa sita. Wastani: bakuli moja. Moja kamili, bila hata desimali! (Nililiona hilo kuwa ishara njema. Mwalimu wa hisabati anaamini ishara, ndiyo.)

Mama Robhi, mpishi wa shule, hakubisha. Yeye amezoea wanafunzi, ambao hula wanachopewa. Nikamwambia apike mabakuli mia mbili na hamsini. Kumi ya akiba, nisionekane mchoyo.

Leo ikafika. Wazazi waliondoka kwao alfajiri. Kuna waliotoka hadi wilaya ya Serengeti, kuna ndugu zao waliovuka pale Sirari kutoka upande wa Kenya. Wakakaa chini ya maturubai, wakasikiliza risala, wakasikiliza ngonjera, wakamsikiliza mgeni rasmi, ambaye alisema ana maneno mawili tu na hatukuyaona yakiisha. Chakula kilifunguliwa jua limeshageuka. Wazee wakaanza, kama ilivyo heshima.

Huku wazee wa rika moja hula pamoja, sinia moja, na sinia haliinuliwi mpaka wenyewe waseme. Nikapeleka sinia la kwanza mimi mwenyewe. Wazee wanane, mabakuli manane. Nikageuka kumsalimia mama mmoja. Nikarudisha macho. Sinia jeupe!

Na si kwamba walikuwa na haraka. Hapana. Walikula taratibu, kwa heshima zote, wakizungumza habari za mvua, na ugali ukawa unaondoka tu. Tonge linakatwa, linafinyangwa, linaenda. Nilisimama pale nimeduwaa. Sijawahi kuona watu wakila kwa utulivu mkubwa namna ile na chakula kikaisha namna ile.

"Ongeza, binti yangu," mmoja akasema kwa upole.

Nikaongeza. Wakaongezewa tena. Nikaanza kuhisi jasho mgongoni.

Kisha Mama Robhi akaja kuninong'oneza.

"Mwalimu, umeisha."

"Nini kimeisha?"

"Ugali."

"Wamekula wangapi?"

"Themanini hivi."

Themanini! Kati ya mia mbili na arobaini!

Na wakati huo huo, nani anarudi kutoka kumsindikiza mgeni rasmi kwenye gari? Baba yake Marwa! Yeye ni mjumbe wa kamati ya wazazi, ndiyo maana alikuwa hajala. Sikuhitaji kuonyeshwa. Ni Marwa yule yule, ameongezewa miaka na kofia. Akakaa turubai la nyuma na wenzake wa rika lake. Akaletewa maji. Akanawa. (Mnajua mtu mzima akishanawa mikono. Hapo hakuna tena majadiliano.) Akakaa na mikono yake mibichi ameiinua kidogo, anasubiri.

Nikamfuata Sanga nimwombe awatulize wageni kwa wimbo. Sanga, kwa moyo wake mweupe, akaona bora ukweli.

"Wazazi wetu," akasema kwenye spika, na spika za leo zilikuwa zinafika hadi barabarani, "tunaomba radhi, ugali umeisha. Mwalimu Rehema wetu wa hisabati alifanya utafiti wa kitaalamu. Akagundua kwamba kila mtu hula bakuli moja."

Kuku alipita katikati ya uwanja na tulisikia hatua zake.

Halafu mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Alimpima nani? Mgonjwa?"

"Alinipima mimi," Sanga akajibu. Kwenye spika!

Maturubai yakalipuka. Wamama walishikana mabega. Ndugu mmoja wa ng'ambo ya mpaka akapaza sauti, "Kwani hii ugali ilikuwa ya kuonja ama ya kukula?" Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, niliowafundisha mada hiyo hiyo, walikuwa wameinamia meza, na majoho yao yanatikisika. Watu wote wanacheka, isipokuwa mzee mmoja wa turubai la nyuma. Yeye alinitazama tu. Mikono bado iko juu. Nilitamani ardhi inimeze na sufuria zake.

Lakini katikati ya aibu ile kitu kikaniingia kichwani. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Sita gawanya kwa sita ni moja. Kosa ni kwamba nilionja kijiko kutoka sufuria nyingine kabisa! Wale walimu sita, wote wageni wa mkoa, waliokaa kivulini na chai ya saa nne tumboni, wanamwakilisha nani pale?

Mkuu wa shule akanifuata. "Pikipiki inakwenda Bomani kuchukua unga. Ni safari moja tu, mwalimu. Tupike kiasi gani?"

"Hao waliokula wamekula matatu matatu," Sanga akadakia. "Zidisha."

"Ngoja," nikasema. Kwa sababu waliokula walikuwa wazee wa kiume karibu wote. Waliobaki ni akina mama, wasichana, mabibi, vijana, na lile turubai la nyuma. Ni sufuria nyingine tena. Nikamwomba Mama Robhi asonge haraka ule unga kidogo uliokuwa wa uji wa wanafunzi. Nikachukua beseni. Kila ambaye hajala akatumbukiza kadi yake ya chakula, ile yenye namba aliyopewa getini. Nikakoroga zile kadi hadi mkono ukaniuma. Nikafumba macho. Nikachomoa kumi.

Wale kumi wakaitwa mbele, wakala, wenzao mia na hamsini waliobaki wakiwatazama. Aisee! Bibi mmoja alikula nusu bakuli akasema ameshiba. Baba mmoja mwembamba, mwembamba kabisa, akala matano. Dereva wa bodaboda akala manne na kuomba radhi. Na Ghati, wifi yangu, naye namba yake ikatoka! Akala mawili huku baba yake anamwangalia. (Baadaye aliniambia angekula matatu kama si kutazamwa. Andikeni hilo kama kosa la upimaji.)

Mzee akashindwa kuvumilia. "Hawa ni akina nani wanaokula kabla yetu?"

"Ni sampuli, baba," Ghati akajibu, mdomo umejaa.

"Sampuli ni ukoo gani?"

Nikajifanya nahesabu mabakuli. Huku mkwe na baba mkwe hukaa mbali, hawajibizani, kwa adabu.

Jumla ya wale kumi: mabakuli ishirini na matatu. Wastani mawili nukta tatu. Mara wale mia na hamsini ambao bado hawajala: mia tatu arobaini na tano. Kumi ni wachache, nalijua hilo, wangeweza kunidanganya huku au kule, kwa hiyo nikaongeza arobaini ya tahadhari. Pikipiki ikaenda, ikarudi. Mama Robhi na wenzake wakasonga hadi mvuke ukafunika jiko.

Watu wakala. Wakaongeza. Turubai la nyuma likala. Nilisimama nyuma ya mti wa mjohoro nikihesabu masinia. Wa mwisho aliponawa, nikakimbilia jikoni.

Yalikuwa yamebaki mabakuli thelathini na nane. Ile akiba yangu ya arobaini, imeguswa mabakuli mawili tu!

Nilikaa chini kwenye gunia. Nywele zilinisimama. Nimefundisha jambo hili miaka na miaka, nimelipigia mstari ubaoni, nimelitungia mitihani, na sijawahi kuliona likitokea mbele ya macho yangu. Watu kumi niliowachomoa nimefumba macho waliniambia matumbo ya watu mia na hamsini nisiowajua. Bahati ilinisaidia, sikatai. Lakini nilijikuta machozi yananilengalenga. Mama Robhi alichungulia ndani ya sufuria, akanitazama, akajisogeza kidogo pembeni. "Mwalimu," akasema, "hii si hesabu. Huu ni uganga."

Jioni, watu wakitawanyika, mzee alisimama mbali. Nikapiga goti palepale nilipokuwa. "Shikamoo, baba." Akaitikia. Kisha akasema neno na Ghati, akaondoka zake.

Ghati akaja mbio, anacheka hadi hawezi kusema.

"Baba anasema ameshiba. Anasema umekosea mbele za watu na hukukimbia, ukawalisha. Wazee watakuja kwenu Kilosa kuleta posa."

Nilimkumbatia hadi kilemba kikamtoka.

"Ila ametoa sharti," akaendelea. "Anasema siku hiyo usiwapime walimu. Umpime yeye kwanza, halafu upike."

Jamani, nilimhesabia yule mzee. Alikula mabakuli sita! Kitakwimu, mtu wa mabakuli sita hawezi kumwakilisha binadamu yeyote. Nilifungua mdomo nimweleze Ghati, nikaufunga. Ndoa naitaka.