Kompyuta ya Pengwini na Mahafali ya Asteria

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Flashi imefika! Kondakta wa basi la Mwanza kanikabidhi mkononi, imefungwa kwenye karatasi ya daftari, imeandikwa "Mama Asteria, Buseresere". Basi. Anwani haihitaji zaidi. Buseresere nzima inamjua Mama Asteria ni nani, na asiyejua nitamwambia.

Ndani yake kuna mahafali. Mwanangu kamaliza stashahada ya kompyuta. Mimi sikwenda, mguu ulivimba. Baba yake naye hakwenda. Duara lao, shimo la mgodini, lilikuwa limebakiza kidogo tu lifike kwenye mwamba wa dhahabu, na hakuna mchimbaji anayeacha duara siku kama hiyo. Mwamba haukuwa na kitu. Sitaliandika tena jambo hilo.

Sasa mpango. Jumamosi kikundi chetu cha kina mama kinachagua mwenyekiti. Tuna masufuria makubwa, viti na turubai, tunakodisha kwenye harusi na misiba. Mama Agnetha anahamia Kahama, kiti kiko wazi. Wanaokitaka ni wawili: mimi, na jirani yangu Mama Davis, mwenye saluni iliyopakana ukuta na nyumba yangu. Yeye ana televisheni bapa, ana draya mbili, ana spika ya bluetooth inayoimba tangu asubuhi. Mimi nina Asteria.

Nimewatangazia kina mama kwamba uchaguzi ufanyike sebuleni kwangu saa nne asubuhi, na kabla ya kura wataona mahafali. Wamekubali. Nani atampigia Mama Davis baada ya kumwona mwanangu ndani ya joho?

Kompyuta ipo. Ilikuwa ya ofisi ya karasha la kusaga mawe ya dhahabu, ikachoka, wakaitupa stoo, baba Asteria akaileta nyumbani. Asteria aliifufua likizo ya Agosti kwa kuiwekea Linux, ile yenye picha ya pengwini. Ni programu huria, alinieleza. Watu wa dunia nzima wanaitengeneza, wanagawana bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Nikamwambia kama ni yeyote, basi na mimi nimo. Nina darasa la saba, lakini lile la zamani, lililokuwa linafundisha.

Nimeiunganisha na televisheni yetu, ambayo sauti yake ilikufa mwaka jana lakini picha ipo. Picha imetokea kubwa mno. Pengwini anaonekana tumbo tu.

Jumanne, 3 Desemba

Asteria kapiga simu mchana. Anasema kompyuta haijaitambua kadi yake ya picha, inataka draiva, programu ya kuiendesha. Nifungue dirisha jeusi, niandike maneno atakayonisomea herufi moja moja. Nikaandika. Ikaomba neno la siri. Nikaandika. Hakuna kilichotokea, hata nukta. Nikaandika kwa nguvu. Hakuna.

Nikajua kibodi imekufa. Nikaipindua, nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Zikatoka punje za mchele na hereni moja. Hereni hiyo nilimtuhumu nayo mtoto wa dada yangu tangu Pasaka. Asteria akasema neno la siri huwa halionekani, makusudi, ili mtu asichungulie. Nikamuuliza achungulie nani, Mama Davis? Kumbe nilikuwa nimeliandika mara sita mfululizo.

Kisha ikauliza kama iendelee, Y au n. Nikajibu kwa heshima na kwa kirefu: Ndiyo. Ikaacha kazi. Nikarudia: Ndiyo. Ikaacha. Mara ya nne Asteria akaniuliza ninaandika nini hasa, akacheka mpaka nikasikia na wenzake wanacheka. Kumbe yenyewe ikiona n inajua umekataa. Ningejuaje? Mimi sikuifundisha adabu hiyo.

Nikaandika Y. Maandishi yakamiminika. Nikazima, nikawasha.

Pengwini mzima! Miguu, mdomo, kila kitu! Nimemwita Mama Davis aje aone. Kaja na kitana mkononi, katazama, kasema ndege mzuri, sasa anafanya kazi gani? Wivu huo.

Jumatano, 4 Desemba

Video imekataa kufunguka. Inasema haina kodeki. Asteria anasema video ni kama mzigo uliofungwa kwa kamba za namna yake, na kodeki ndiyo inayojua kufungua fundo. Nikapakua. Umeme ukakatika. Ukarudi, nikapakua tena, ukakatika ikiwa imebaki robo. Ukarudi. Sikukata tamaa. Mwanamke aliyewahi kupika ubwabwa wa watu mia tatu kwa kuni mbichi hatishwi na fundo.

Baba Asteria karudi kutoka mgodini, katazama waya zote zile, kauliza kwa upole kwa nini nisiichukue flashi nikaichomeke kwenye televisheni ya Mama Davis, si ina tundu lake? Itaonyesha papo hapo.

Nikamtazama mpaka akaenda kuoga.

Saa kumi na moja video ikafunguka. Wahitimu wanatembea kwa mstari, rangi safi. Sauti hakuna.

Alhamisi, 5 Desemba

Sabufa yetu inaguna tu kama mgonjwa. Asteria kasema nijaribu spika nyingine, ndipo tutajua kosa ni la sabufa au la kompyuta. Nyingine iko wapi? Nikafungua orodha ya bluetooth, nikaona jina moja: DAVIS SALUNI. Iko wazi, haina hata neno la siri. Watu wengine hawajui kujilinda.

Kuomba siombi. Lakini kubonyeza si kuomba. Nikabonyeza. Kompyuta ikauliza kama nakiamini kifaa hiki ili siku nyingine ijiunge nacho yenyewe. Nikakubali. Mimi si mtu wa kutowaamini wengine. Nikabonyeza jaribio la sauti, na huko saluni muziki ukakatika, mwanamke wa Kizungu akatangaza kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikasikia mteja anauliza ageuke upande gani.

Nikazima haraka, nikatoka nje na ufagio, nafagia. Mama Davis akachungulia, akauliza kama na mimi nimesikia. Nikamwambia nimesikia, labda ni hali ya hewa.

Basi kompyuta ni nzima! Mgonjwa ni sabufa. Nimeipeleka Katoro kwa fundi Donatus, nimeipakata kwenye bodaboda njia nzima. Kesho mchana iko tayari.

Ijumaa, 6 Desemba

Ushindi! Sabufa imerudi, nimechomeka waya, ikanguruma mpaka vikombe vikatembea kabatini. Saluni leo imefungwa, Mama Davis yuko msibani Katoro na spika yake imezimwa, kwa hiyo hakuna kelele za kunivuruga. Picha ipo, video ipo, sauti ipo. Vyote vitatu, kwa mkono wangu. Nimetazama mpaka mgeni rasmi alipokaa kitini, umeme ukakatika. Haukurudi mpaka jua limezama, na mimi nikaona iliyobaki niihifadhi.

Asteria kapiga. Ameniomba, kwa sauti ya kubembeleza ambayo siijui, niitazame yote kwanza peke yangu, kwa sababu na yeye alipewa nafasi ya kusema. Nikamwambia mzazi hatazami mahafali ya mwanawe peke yake kama mtu anayejificha. Akasema haya, mama.

Nimepanga viti. Nimefua vitambaa.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa nne walikuwa wamejaa, kina mama ishirini na wawili, wengine dirishani. Mama Davis pekee hakuwepo. Alituma salamu kwamba ana bibi harusi anamsuka, atakuja wakati wa kura. Vizuri zaidi. Nikafungua. Picha safi, majoho yanang'aa. Sauti hakuna!

Taa ya sabufa inawaka, yenyewe kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Na ndipo kule saluni Mama Davis naye akafungulia redio kwa nguvu ya ajabu, mwanamume anahutubia, watu wanapiga makofi. Siku yangu! Nikamtuma Mama Agnetha akamwombe apunguze. Akarudi anasema Mama Davis hajagusa kitu, spika imejifungulia yenyewe. Nikawaambia wenzangu, mnaona mtu anayetaka uongozi.

Sikubabaika. Hapa kwetu tumekulia kwenye vibanda vya video, filamu za Kichina zinaonyeshwa na mtu wa maiki anatafsiri. Nikasimama kando ya skrini, nikawaambia sauti nimeizima kwa makusudi, kwa maana chuoni wanaongea Kiingereza kigumu, nitawatafsiria. Mwalimu Dorah wa shule ya msingi akaomba asikie hicho Kiingereza japo kidogo. Nikamwambia awe na subira.

Mgeni rasmi akafungua mdomo. Nikatafsiri: tangu aanze kualikwa kwenye mahafali hajaona kichwa kama cha huyu wa Buseresere. Mkuu wa chuo akanyoosha mkono. Nikatafsiri: anauliza mama wa mtoto huyu yuko wapi, aletewe kiti cha mbele. Vigelegele! Nilikuwa nahutubia vizuri kuliko wao wenyewe.

Akapanda Asteria. Joho, kofia, shingo ya upande wangu. Machozi yalinilenga lakini kazi ni kazi. Nikatafsiri: namshukuru mama yangu mzazi, aliyenifikisha hapa peke yake, bila msaada wa jirani yeyote...

Mlango ukafunguka. Mama Davis huyo, kaikumbatia spika kifuani, nyuma yake bibi harusi kasukwa nusu kichwa. Na ndani ya spika sauti ya Asteria wangu, kwa Kiswahili kitupu, ikakaa sawasawa kwenye mdomo wa Asteria wa kwenye skrini:

"...namshukuru jirani yetu, Mama Davis. Nyumbani nilishindwa kusoma, kwa sababu mama alikuwa anawaita wageni waje wanitazame nikisoma. Mama Davis alinipa kona nyuma ya draya, miaka miwili. Hakuniuliza kitu. Alizima muziki tu."

Mwalimu Dorah akasema Kiingereza hiki hata darasa la kwanza wangekielewa. Nilitamani umeme ukatike. Wiki nzima umekatika bila kuombwa, leo umekaa kama mgeni mwenye njaa.

Asteria hakuwa amemaliza.

"Na mama yangu, Mbuke. Hajui hasa ninasomea nini. Lakini kabla sijajua hata kuwasha kompyuta, alikuwa amewaambia watu wote kwamba mimi ni mtaalamu. Ikabidi niwe kweli, asije akaonekana mwongo. Wabeja, mayu."

Asante, mama. Kwa Kisukuma chetu, mbele ya mgeni rasmi na maprofesa!

Nililia. Nilidhani ni mimi peke yangu, kutazama nikaona Mama Davis naye anajifuta kwa taulo la wateja. Akasema polepole, "Mama Asteria, mimi nilijua mtoto ameshasahau." Nikampisha kiti. Nilikuwa nimesahau kwamba miaka ile, ikifika saa kumi na mbili, saluni ilikuwa inanyamaza. Nilidhani spika ni mbovu.

Kisha nikawageukia kina mama, nikawakumbusha kwamba niliwaahidi sauti, na sauti imefika.

Kura: Mama Davis ishirini na mbili, mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya Mama Davis. Alinionyesha karatasi kabla hajaikunja.

Jumapili, 8 Desemba

Nimetoka kanisani, nimempigia Asteria. Anasema kompyuta ilijiunga na spika ya saluni kwa sababu nilikubali iiamini, na kila spika ile ikiwashwa inaikimbilia. Nifanye mambo matatu. Niifute kwenye orodha. Nisiguse vifaa vya watu. Na nisimtungie tena maneno ambayo hakusema. Nimemwahidi yote matatu, kwa moyo mmoja. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Nadhani ananiona nimeelewa.

Saluni nimeifuta. Limebaki jina moja jipya, JANUARI BAA, ile ya ng'ambo ya barabara. Kompyuta ikauliza kama naiamini. Januari ni mtu mwema, alitubebea jeneza la baba mkwe. Nimekubali.

Krismasi ndugu zangu wanakuja kutoka Kagongwa. Hao hawakuwepo jana. Wanajua nini? Kwa hiyo mchana huu nimevaa hedifoni ya Asteria yenye maiki, nikabana pua kidogo, nikajirekodi kwa sauti yake, nitaipachika chini ya picha. "Namshukuru mama yangu Mbuke, mwenye akili kuliko walimu wangu wote, na mrembo." Mama Davis nimembakiza, kwa ajili ya ile karatasi. Nimemfupisha tu. Mwisho nimeongeza wimbo kidogo.

Nimeicheza nisikilize. Sabufa kimya! Nimeongeza mpaka mwisho. Kimya. Nimerudia mara tatu.

Kazi ipo, lakini mimi siachi. Ajabu, kwa Januari wamezima muziki ghafla, na baa nzima inacheka na kupiga vigelegele. Lazima ni mpira, kuna mtu kafunga goli zuri.

Nimerudia mara ya nne. Goli jingine.