Malalamiko Dhidi ya Ndoo Sita za Saladi

Kwako Mama Mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Sisi huku ni wazima, ingawa mmoja wetu hajaulizwa hali tangu mwezi uliopita.

YAH: MWANAO NA NDOO ZAKE

Mama, ulinipa binti muuguzi, nami nikashukuru. Hukuniambia kwamba siku moja atapanda saladi barazani kwenye ndoo za maji, bila chembe ya udongo, azilishe mbolea ya maji kwa kipimo kama wagonjwa wa wodini. Kwa unyenyekevu naomba kukueleza yafuatayo:

1. Akitoka kazini hupitiliza barazani na viatu mguuni. Ana kalamu mbili za betri: moja hupima ukali wa mbolea ndani ya maji, nyingine hupima pH, yaani maji yamekuwa machachu kiasi gani. Husoma namba, huziandika daftarini, ndipo hugundua kwamba nipo.

2. Ndimu hazikai nyumbani. Naambiwa saladi hutaka pH kati ya tano na nusu na sita na nusu. Ikizidi hapo, chakula kipo majini lakini mizizi inashindwa kukila. Basi ndimu zinakamuliwa ndooni, tone kwa tone, na mimi nakunywa supu iliyopooza.

3. Juzi alitumbukiza kalamu kwenye chai yangu. Akasoma namba, Mama. Alitikisa kichwa tu, akaondoka na kikombe.

4. Hapa nakiri nina mkono wangu. Nikitaka kumfurahisha, nilizidisha mbolea mara mbili kwenye ndoo zote. Siku ya tatu ncha za majani zilikauka, zikawa kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Mimi ni fundi cherehani, rangi ile naijua. Akapima, akanigeukia.

"Baba watoto, umewapa nini hawa?"

Nikamjibu kwamba nimewapa upendo.

"Upendo wako umesoma mbili nukta nne. Uwezo wao ni moja nukta mbili."

Akamwaga maji yote, akaanza upya kwa nusu ya dozi. Siku mbili nzima hatukuzungumza ila kwa namba.

5. Nilipougua mafua aliniambia ninywe maji nilale. Ndoo zilipougua alikaa nazo jioni nzima juu ya kigoda, akigeuza jani moja moja. Nikamwuliza, kwa hasira kidogo, zina nini ambacho mimi sina. Akasema bila kuinua macho: "Wiki hii wodini tumepoteza wawili, na kila kitu tulipima sawasawa. Hizi ukizipima sawasawa, zinapona."

Nikaenda kuleta taa, nikamshikia. Mwanamume kuishikia saladi taa barazani kwake mwenyewe ni uonevu, ndiyo maana nimeliorodhesha.

Kwa hiyo naomba uje upesi uzichukue kalamu zote mbili, ukazifungie kabatini kwako. Akikataa, nichukue mimi. Nalala popote, na sihitaji kupimwa.

Nisalimie Baba Mkwe, shemeji fundi bomba na mkewe, na wote wanaoniulizia. Wajukuu zako wanakuamkia.

Mkweo mtiifu,
Fundi cherehani

N.B. Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Mwanao ameitwa kazini kwa zamu ya siku mbili, na leo asubuhi ndoo ya tatu ilisoma saba nukta moja. Nimeacha suti ya bwana harusi mezani, nikaishusha kwa ndimu, tone kwa tone, hadi sita kamili, nikiwa makini kuliko siku nilipokuja kwenu kuposa. Nikampigia simu wodini kumpa namba. Alicheka, Mama! Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Kwa hiyo ukija usichukue kitu. Ila kama una ndoo isiyovuja, ya saba, tunaihitaji.