Wali wa Mke wa Mwalimu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kiuno kinauma. Nimemwinamia Mwalimu kutwa nzima!

Mwalimu Seo, Mkorea anayetufundisha ufugaji wa nyuki hapa Tabora, ametangaza kwamba atachagua mwanafunzi mmoja aende kwao kujifunza zaidi. Mmoja tu. Nikamtazama Consolatha. Yeye anasafisha mzinga, kama hakusikia. Hivyo ndivyo anavyojipendekeza.

Lakini mimi nina silaha. Nimetazama video zote za mila za Kikorea, mpaka bando likakata. Kitu cha mzee hupokewa kwa mikono miwili. (Bibi yangu kule Puge alinifundisha hilo hilo, ila kwa makofi.) Ukinywa mbele ya mzee, geuza uso pembeni. Leo Mwalimu amenipa chai. Nikageuza uso. Nikammwagia Consolatha. Akasema pole, yeye! Mjanja sana yule.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu amesema kesho hakuna darasa. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: kesho ni siku ya mke wake. Wenzangu wakaitikia tu. Mimi nikang'amua papo hapo. Siku ya kuzaliwa! Na Wakorea siku hiyo hunywa supu ya mwani. Video imesema.

Mbio hadi kwa Zuwena, muuza manukato, ambaye huletewa mwani kutoka Pemba. Akanionya kwamba huu ni wa kutengenezea sabuni. Nikamwambia mwani ni mwani.

Mama akashauri nimuulize Mwalimu hiyo siku ni ya nini hasa. Nimuulize! Nitaonekana mgeni wa mila zao. Consolatha ndiye mwenye maswali. Mwezi jana nilimkuta kibarazani kwa Mwalimu, anamuuliza habari za nyumbani kwake. Umbea mtupu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeharibu. Mungu wangu, nimeharibu.

Jioni nilibeba sufuria ya supu hadi kwake Gongoni. Mlango wazi. Nikavua viatu, nikapiga hodi, nikaingia. Sebuleni hakuna mtu. Meza fupi, samaki, matunda yamepangwa vizuri, mshumaa, picha ya mwanamke anayetabasamu. Na bakuli la wali, kijiko kimesimama wima katikati.

Nikashtuka! Kwa Wakorea kijiko wima kwenye wali ni mkosi, ni mambo ya wafu. Nikajua ni makosa ya dada wa kazi. Nikakichomoa kuokoa siku. Kikaacha shimo. Nikasawazisha kidogo kwa kula pembeni. Shimo likazidi. Nikala tena.

Mwalimu akatokea jikoni. Nyuma yake Consolatha, ameshika papai.

"Sixbert," Mwalimu akasema, "hicho chakula cha mke wangu."

Wali ukiwa mdomoni, nikampa hongera kwa siku ya kuzaliwa ya mama.

Mwalimu akaitazama ile picha.

"Leo siku aliyokufa," akasema.

Ule wali sikuweza kuumeza. Kuutema nao sikuweza. Afadhali angenifokea. Aliinua bakuli kwa mikono miwili, akarudi jikoni, nikamsikia anaosha mchele upya. Consolatha akaninong'oneza nitoke taratibu. Nikatoka, viatu mkononi.

Alhamisi, 12 Juni

Sikwenda darasani. Nimemsimulia Mama, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliangalia kile kiti cha kamba cha marehemu Baba, pale uani. Mimi ndiye ninayefukuza watu wasikikalie. Nilishamwinua hata shemeji yetu, sahani ya ugali mkononi.

"Mwenzako naye ana kiti chake, mwanangu," Mama akasema. "Amekibeba mpaka huku."

Nimekaa pale uani mpaka kuku wameingia bandani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kuomba radhi. Nilikusudia kuinama kule kukubwa, paji la uso mpaka sakafuni. Nilipofika magotini Mwalimu akanishika bega, akanionyesha kiti.

Akaniambia mwenyewe, nisije kuyasikia njiani: amemchagua Consolatha. Nikauliza kama ni kwa sababu ya wali. Akasema hapana. Nyuki wa Consolatha wanatulia. Wangu wanahama, kwa kuwa siendi kuwaona.

Nyuki mwenyewe hachomi hivyo.

Halafu akasimulia bila kuulizwa. Mkewe aliitwa Mi-suk. Aliogopa nyuki maisha yake yote. Hata hivyo kila mavuno alisimama mbali na mizinga, ameshika taulo, akimngoja mumewe aje afutwe jasho. Huku hakuna wa kufanya naye kumbukumbu. Ndiyo maana alimwita Consolatha, ambaye alikwishauliza akaambiwa.

Nimemwinamia mtu huyu tangu mvua za kwanza. Jina la mkewe nimelijua leo.

Nilipoaga akanikaribisha chakula Jumapili. "Usilete kitu," akasema. "Njoo tu."

Nimelia njiani, nikawasingizia wenye pikipiki na vumbi lao.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka mwepesi. Usilete kitu! Nimenunua bando jipya, nikaitafuta ile video. Kumbe! Mkorea mwenye adabu hukataa zawadi mara ya kwanza huku moyoni anaitaka. Kwa hiyo amemaanisha nilete kitu kikubwa.

Mama anasema usilete kitu maana yake usilete kitu. Maskini Mama, hajasoma mila za watu.

Nimeshapatana na bendi ya tarumbeta ya kanisani, yote, na ngoma ile kubwa. Kesho mchana watanisindikiza hadi mlangoni kwa Mwalimu, kwa heshima ya marehemu Mi-suk. Kiongozi wao, Tobias, alitaka kujua wapige nyimbo za msiba au za harusi.

Nimemwambia wachanganye.