Siku Tatu za Kupumzika Saint-Malo, Bila Mipango

Alhamisi, 11 Juni. Rennes.
Mke wangu Enora kanipa sharti. Siku tatu Saint-Malo, kula na kulala, bila ratiba. Mwaka jana nilimzungusha Honfleur mpaka miguu ikatoka malengelenge, na hadi leo ananisimanga. Nikipanga chochote, Agosti anakwenda Kosika na dada yake Rozenn, mimi nabaki na paka. Nimemwapia. Mipango ninayo, ila yote iko kichwani. Nimeshaweka nafasi ya meza kwenye mkahawa wa chapati za maji, kwa jina la kaka yake, Tugdual. Hapo hata malaika hanishiki.

Ijumaa, 12 Juni.
Nikamtembeza Enora juu ya ukuta wa mji, tukatokea mbele ya mkahawa, eti kwa bahati. Ndani kakaa Tugdual, meno yote nje. Kumbe anaishi mtaa wa pili. Kumbe mwenye mkahawa ni rafiki yake, kampigia simu kumuuliza tangu lini anaweka meza. Enora akauliza nani basi kaiweka. Nikasema labda yuko Tugdual mwingine.
Tugdual kamaliza chapati tatu na jagi la mvinyo wa matofaa, kisha kasema kesho tuko pamoja kutwa, shemeji. Sherehe yangu imeingia nzi.

Jumamosi, 13 Juni. Kisiwani.
Dawa ya Tugdual niliipata asubuhi. Kisiwa cha Grand Bé kinafikika kwa miguu maji yakipwa. Yakijaa, njia inazama, na aliyebaki atabaki huko hadi usiku. Nimpeleke, nisingizie nimesahau miwani, nirudi peke yangu. Jedwali la maji limebandikwa hotelini. Majedwali haya hayahesabu saa ya kiangazi, ile saa moja ambayo saa zote husogezwa mbele, kila mwenyeji anajua, kwa hiyo nikaongeza saa moja. Watalii ndio hunaswa hapo.
Tulipofika kisiwani Tugdual akatupa jicho baharini mara moja tu. Akasema, "Shemeji, maji hayo yanakuja, twende zetu." Nikamwambia acha uoga, mtu mzima wewe, bado tuna saa nzima. Akacheka, akashuka zake. Mimi nikakaa nifurahie ushindi: mwenyeji kakimbia maji ambayo bado hayajaja. Niliposhuka, njia haikuwepo.
Sasa nakumbuka maandishi madogo chini ya jedwali: saa ya kiangazi imeshaongezwa.
Ng'ambo, pwani ya Bon-Secours, namwona Enora kajinyoosha, viatu kavua. Tugdual anamlisha keki ya siagi. Kanipungia mkono, mshenzi. Upepo wa hapa unakata masikio, na nina biskuti moja.

Jumapili, 14 Juni. Kwenye treni.
Enora anasema jana ndiyo mara ya kwanza amepumzika tangu tuoane. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Tugdual naye, kwa roho nyeupe kabisa, kaeleza kuwa mwenye mkahawa aliitambua sauti yangu tulipoingia, ile ile iliyoweka meza kwa simu. Basi, imekwisha. Kosika na Rozenn, mimi na paka.
Nilinuna hadi kituo cha Dol. Halafu nikatafuta kwenye simu: Kosika bahari haipandi wala haishuki, labda kiganja kimoja. Kwa hiyo mpango wangu haukuwa na kasoro, kasoro ilikuwa maji. Paka atalelewa na Tugdual. Nimeshaweka meza mbili, mashua ya machweo, na kiti changu cha ndege, nyuma yao kabisa.
Vyote kwa jina la Rozenn.